Daftari la Mjukuu na Macho ya Bibi

Mwulize mzee yeyote wa huku Mafinga, wilayani Mufindi mkoani Iringa, kama anaona vizuri, atakwambia anaona. Na kweli anaona: anamtambua ng'ombe wake akiwa ng'ambo ya bonde, na anayepita barabarani anamjua kwa mwendo tu. Lakini mpe daftari la mjukuu wake wa darasa la tatu saa moja jioni, ndipo utayajua mengine. Atalisogeza mbali, atalirudisha. Atasema mwalimu siku hizi hana mwandiko. Halafu atamwambia mtoto, "Hebu nisomee wewe, nisikie kama unajua kusoma." Mtoto anasoma, sisi wengine pale sebuleni tunafurahi kwamba bibi anafundisha, kumbe bibi haoni hata mstari mmoja.

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, muda mwingi nikiwa na darasa la kwanza na la pili, kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Sasa nimestaafu, na wajukuu wako nyumbani kwangu. Wazee wenzangu wengi hapa mtaani wanafanya kazi hiyohiyo bila kuitwa walimu. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza Tanzania Bara kwa kiwango cha VVU katika utafiti wa taifa wa 2022 na 2023, na hali hiyo haikuanza juzi. Tulizika watoto wetu, tukabaki na watoto wao. Kwa wengine wazazi wapo, lakini wako Dar es Salaam, Makambako au Tunduma wanatafuta riziki. Anayefungua daftari jioni ni bibi au babu. Kwa hiyo macho ya mzee yakilegea, si yeye peke yake anayepata hasara. Mtoto naye anabaki nyuma darasani, na hakuna anayejua sababu.

Linalonisumbua ni jinsi tunavyolimaliza jambo hili kwa kusema "ni uzee". Uzee ni mambo mengi. Lipo linaloondoka kwa miwani ya bei ndogo, lipo linaloondoka kwa upasuaji, na lipo ambalo usipoliwahi halirudi tena. Yote matatu huonekana kwanza pale mezani, juu ya daftari.

Naanza na lile linalotupata sote. Ndani ya jicho kuna lenzi, na ujanani lenzi hiyo ni laini: ukitazama karibu inavimba kidogo, maandishi yanakaa sawa. Kadiri miaka inavyokwenda inakuwa ngumu. Kuanzia miaka 40 hivi mtu anaanza kunyoosha mkono anaposoma, na akipita 60 uwezo ule wa kuvimba umekwisha karibu wote. Ugumu huo hauletwi na kusoma sana, wala kushona, wala kutazama simu. Aliyesoma maisha yake yote na ambaye hakuwahi kushika kitabu, wote unawapata. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimewasikia wazee wakikataa kuwasaidia wajukuu eti macho yataisha. Macho hayaishi kwa kusoma. Hata kusoma kwenye mwanga hafifu kunachosha, kunaumiza kichwa, kunatoa machozi, lakini hakumpofushi mtu.

Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta zaidi ya watu sita kati ya kila kumi wenye miaka 40 na kuendelea wana hali hiyo, na wenye miwani ya karibu walikuwa wachache mno. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2019, lilikadiria kuwa watu milioni 826 wanaishi nayo bila kupata miwani. Sisi wa Mufindi, tunaoishi na mashamba ya chai, tuna sababu ya kuelewa uzito wake kuliko wengine. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliwapita wenzao kwa asilimia 21.7 katika uchumaji. Mtu anayetafuta majani mawili na kichipukizi anasaidiwa na miwani kiasi hicho, sembuse anayetafuta nukta ya desimali iliyowekwa kwa penseli na mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza.

Sasa hiyo miwani. Sokoni mzee anasimama kwa machinga, anajaribu ya +1.50, anajaribu ya +2, halafu anachukua ya +3.50 kwa sababu herufi zinatokea kubwa. Akifika nyumbani anaanza kulalamika kizunguzungu. Namba ya miwani inakwenda na umbali. Kitabu kikiwa sentimita 40 kutoka machoni, jicho ambalo lenzi yake imeshakuwa ngumu kabisa linahitaji +2.50 tu. Ukivaa +3.50, mahali pa kuona sawasawa panasogea mpaka sentimita 28 au 29, hivyo lazima uinamie daftari. Ukiinama kichwa chako kinaziba taa, na mtoto naye hana pa kuweka kichwa chake. Mnaanza kuvutana daftari. Mwenye miaka 45 huenda +1 au +1.50 ikamtosha. Kwa hiyo ukienda kununua, beba daftari lenyewe la mjukuu, kaa kwenye kiti, lishike kama unavyolishika mezani, kisha uchague namba ndogo kabisa inayokusomea bila kuhangaika. Na hiyo ni kwa mtu ambaye mbali anaona vizuri na macho yote mawili yako sawa. Asiye hivyo anahitaji kupimwa na kutengenezewa miwani yake.

Ila miwani ya machinga ina hatari moja kubwa: inakuridhisha. Ukishasoma, huendi tena kwa daktari.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyepasua mbao viwandani hapa kwa miaka mingi, alikuwa anamsaidia mjukuu wake hesabu za darasa la tano. Miwani anayo, tena namba yake sahihi. Siku moja mtoto alikuja kwangu na daftari, macho yamejaa machozi. Ameandika 3.5 + 1.2 = 4.7, na babu ameweka kosa kubwa jekundu. Mimi nimesahihisha madaftari maelfu, najua mkono wa msahihishaji unavyotembea kwenye ukurasa. Mkono wa yule mzee haukuwa unatembea sawa. Vema nyingine zilikaa juu ya jibu, nyingine zimeangukia katikati ya mistari. Maswali mawili ya katikati ameyaruka, kama hayakuwepo. Nukta zote zilizoandikwa kwa penseli iliyofifia alikuwa hazioni, 4.7 kwake ilikuwa 47. Nilimuuliza mtoto, babu anatembeaje nyumbani? Akasema, "Bibi, babu anapiga teke ndoo kila siku, halafu anatugombeza sisi tulioiweka."

Mwanawe alimpeleka hospitali. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho anayeanza. Na macho yote mawili yalikuwa na presha ya macho, ile ambayo madaktari wanaiita glakoma.

Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, msukumo unapanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakufa kidogo kidogo. Kwa kawaida haiumi. Huanza kula pembezoni na kuacha katikati, kwa hiyo mtu anaendelea kusoma Biblia yake kanisani wakati uoni unaondoka pande zote. Kilichokwenda hakirudi, si kwa matone wala kwa upasuaji. Matibabu yanalinda kilichobaki. Watu weusi tunaipata zaidi na mapema zaidi, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye nayo yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Vidonge vya presha ya damu si tiba yake, na wazee wengi wanadhani ni tiba. Matone ni ya kila siku, hata siku ambayo huhisi lolote. Hapo ndipo watu wanapoanguka: chupa inaisha, mtu haoni tofauti, anaacha. Yule jirani yangu ameliweka suala hilo mikononi mwa mjukuu. Mtoto akimaliza kupanga madaftari ya kesho, anamletea babu chupa yake. Nimewaona wakifanya hivyo na nimefarijika sana.

Mtoto wa jicho naye ni tatizo kubwa, lakini habari yake ni njema zaidi. Lenzi inapata ukungu, daktari anaitoa na kuweka ya bandia, na kwa kawaida upasuaji wenyewe hauchukui hata saa moja. Kwenye daftari utautambua hivi: mzee anasumbuliwa na taa inayomwelekea usoni, rangi zimepauka, anatafuta kalamu nyekundu kumbe imo mkononi mwake. Ipo dalili nyingine ambayo familia nyingi huipokea kwa shangwe. Bibi aliyekuwa haachi miwani, ghafla anaanza kusoma bila miwani. Watu wanasema amerudi ujanani. Mara nyingi ni lenzi inayoanza kujaa ukungu ikibadilisha namba ya jicho, na baada ya muda hata hicho kinapotea. Ukiona hivyo kwa mama yako, mpeleke akapimwe.

Tuje kwenye mwanga, kwa sababu hapa ndipo kila nyumba inaweza kubadilisha kitu leo hii. Mtu wa miaka 60, mboni yake imekuwa ndogo na lenzi imegeuka njano, kiasi kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho ni kama theluthi moja ya ule unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Mtoto anaona vizuri kwa balbu ileile ambayo bibi haoni nayo kitu. Halafu tunamshangaa bibi anapouliza kwa nini tumekaa gizani.

Nje, hata siku ambayo ukungu wa Mufindi umetanda tangu asubuhi, mwanga unazidi ule wa balbu ya sebuleni mara nyingi mno. Ndiyo maana kwangu kazi ya nyumbani inafanyika kibarazani, saa kumi jioni, watoto wakishabadilisha nguo za shule na kula. Najua majirani wananishangaa, maana saa kumi ni saa ya maji, kuni na majani ya ng'ombe, na masomo husukumwa mpaka usiku. Mimi nimepindua ratiba. Vyombo unaweza kuviosha hata kwa tochi, na maji ya kuchota yatasubiri nusu saa. Nukta ya desimali haisubiri, jua likizama giza linaingia. Na watoto wenyewe wanafaidika: tafiti za China na Taiwan zimeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje zaidi mchana hawapati kwa wingi tatizo la kutoona mbali. Kwa mtoto atakayesoma miaka mingi, hilo si dogo.

Usiku ukilazimika, usitegemee balbu ya darini. Taa ukiishusha ikawa nusu ya umbali wake kutoka kwenye daftari, mwanga unaoangukia karatasi unaongezeka mara nne hivi, bila kuongeza senti kwenye umeme. Taa ndogo ya mezani au ya sola ikae juu kidogo, upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, isimwelekee mtu usoni. Tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye kikombe mbele ya mzee inamuumiza bure: inawaka machoni, na karatasi ya kitabu inang'aa mpaka maandishi yanapotea. Penseli nayo ina mchango wake. Kwenye madaftari ya karatasi ya kijivu, penseli ngumu inaacha alama ambayo jicho la mzee haliitofautishi na karatasi. Mnunulie mtoto penseli laini ya 2B.

Lakini kitu kilichonisaidia kuliko taa zote ni ubao. Nilimwomba fundi akate kipande cha mbao nyembamba, nikakipaka rangi nyeusi isiyong'aa, nikakitundika ukutani kibarazani. Mtoto ananakili swali lake kwa chaki, herufi za kutosha, mimi nimekaa kwenye kiti hatua tatu nne kutoka pale. Kwa umbali huo sihitaji miwani ya kusomea kabisa, maana kilichonipungukia ni kuona karibu. Naiona kazi yake hatua kwa hatua, anapokosea namwona anapokosea, si baada ya kumaliza. Shingo yangu imepumzika. Na mtoto anayesimama kuandika ubaoni anajifunza kupanga tarakimu zake wima, kitu ambacho darasani, watoto wakiwa wengi, mwalimu hapati nafasi ya kumshughulikia mmoja mmoja. Wazee wasiosoma vizuri nao wanaweza kutumia ubao. Mtoto anaeleza kwa sauti alichoandika, bibi anauliza, "Hapa umepataje?" Swali hilo peke yake linafundisha.

Moshi nao tusiusahau. Juni na Julai baridi ya huku inatukusanya jikoni, na watoto wanasomea pale kwenye kuni. Macho ya mzee tayari yana machozi machache kuliko ya kijana. Moshi unayakausha zaidi, yanawasha, anayafikicha kwa kiganja, kesho yake ni mekundu. Aketi mbali na jiko, mlango uwe wazi. Kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa naomba msifanye kabisa, hewa yake inaua. Na anaposoma kwa muda, apepese macho, ayainue atazame mbali, mlimani au kwenye misonobari, kisha arudi. Tunaposoma tunasahau kupepesa, na hapo ndipo macho yanapochoma.

Jua la nyanda za juu linadanganya kwa sababu ya ubaridi. Kadiri unavyopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mionzi yake mikali huongezeka kwa karibu asilimia 10, na sisi tuko juu sana. Mionzi hiyo ni moja ya visababishi vya mtoto wa jicho. Kofia ya ukingo mpana shambani inasaidia.

Walimu siku hizi wanatuma kazi kwenye makundi ya WhatsApp, picha ya ukurasa mzima, imepigwa kwa mshazari. Mwambie kijana wa nyumbani aongeze ukubwa wa maandishi kwenye simu ya bibi mara moja, abaki nayo hivyo. Kama kuna mtu anakuuzia miwani ya kukinga mwanga wa bluu wa simu, hifadhi fedha yako. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kuwa huenda haipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida.

Kuhusu dawa nitasema wazi, maana nimeona jicho likiharibika. Usitie jichoni maziwa ya mama, asali, mkojo, wala maji ya majani, hata kama aliyekushauri unamheshimu. Kidonda cha kioo cha jicho kikiingia uchafu kinaacha kovu jeupe la maisha. Na matone ya dukani yenye steroidi (dawa ya kupoza uvimbe), yale ambayo mtu anapewa kwa ajili ya wekundu kisha anaendelea kuyatumia miezi, yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Yatumike kwa maelekezo ya daktari tu.

Mzee mwenye kisukari apimwe nyuma ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Jicho likiuma na kuwa jekundu, likapoteza uoni ghafla, likaanza kuona mimweko kama radi au kama pazia linashuka, asisubiri siku ya soko. Aende siku hiyohiyo.

Wengine wote, waliotimiza 40, wapange kwenda walau mara moja kila mwaka au miwili, na aliye na ndugu mwenye presha ya macho asikose. Kwa huku kwetu anza hospitali ya wilaya. Wakihitaji zaidi watakupa rufaa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Sera ya Afya ya 2007 inataka wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo, kwa hiyo beba kitambulisho chako cha mzee au kadi ya bima, na uliza dirisha la wazee liko wapi. Omba kwa maneno wazi wapime pia presha ya macho na waangalie neva, wasikupe namba ya miwani tu. Beba miwani unayotumia, chupa za dawa zote, na daftari moja la mjukuu.

Nenda na mtu. Huenda watakutia matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa baadaye vitu vya karibu hutaviona vizuri na mwanga utakuchoma, hivyo kofia iwepo na mtu wa kukushika mkono mpaka kwenye gari. Jioni ya siku hiyo usijaribu kusahihisha kitu. Hesabu zikae mpaka kesho yake, au dada mkubwa wa mtoto azisimamie, nawe usikilize ukiwa umefumba macho.